Lancelot Hogben: Mwingereza aliyefungua njia ya chura kupima mimba

KABLA ya vipimo vya mimba kuanza kuuzwa madukani, mwanamke aliyetaka kuijua hali yake mapema alimtegemea daktari, na daktari naye alimtegemea mnyama. Tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, katika hospitali nyingi mnyama huyo alikuwa chura kutoka Afrika Kusini. Aliyefungua njia hiyo ni Lancelot Hogben.

Hogben alizaliwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1895, akasoma Cambridge. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, alifungwa katika gereza la Wormwood Scrubs, London, kwa kukataa kuingia jeshini. Ukaidi huo hakuuacha maishani.

Mwaka 1927 alikwenda kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko akakutana na chura mwenye kucha aitwaye Xenopus, akampenda kiasi cha kuipa nyumba yake jina hilo. Hakuwa akitafuta kipimo cha mimba hata kidogo. Alikuwa akichunguza jinsi ngozi ya chura inavyobadilika rangi. Lakini alipomdunga chura jike dawa iliyotokana na tezi ya chini ya ubongo wa ng'ombe, chura akataga mayai. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1930.

Wakati huo Aschheim na Zondek wa Berlin walikwisha kuonyesha kuwa mkojo wa mjamzito una homoni inayoamsha ovari za panya. Tatizo ni kwamba panya walipaswa kuuawa na kupasuliwa, na jibu lilichukua siku kadhaa. Chura alidungwa mkojo jioni. Asubuhi mayai yakionekana, mama ana mimba. Naye chura alibaki hai, tayari kwa kazi nyingine baadaye.

Hogben aliondoka Cape Town mwaka 1930, akichukizwa pia na ubaguzi wa rangi. Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, waliobaki huko, ndio waliotangaza mwaka 1933 kuwa mkojo wa wajawazito humfanya chura huyo atage. Ugomvi wa nani mwenye kipimo ulifika hadi kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1946. Jina la Hogben ndilo lililovuma, ingawa haki ingetaka majina yote matatu yatajwe pamoja.

Wasomaji wengi walimfahamu zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1936, Mathematics for the Million, kilichowafundisha hesabu watu wa kawaida.

Alifariki Wales mwaka 1975. Tangu mwaka 1971 wanawake wa Canada walikuwa wakinunua kipimo cha nyumbani kilichotokana na ubunifu wa Margaret Crane wa Marekani. Kilikuwa kichupa kidogo chenye kioo chini yake. Jibu lilipatikana baada ya saa mbili, bila chura wala daktari.