Kent Walton: Mtangazaji wa mieleka asiyepiga kelele

Wapenzi wa mieleka kule Kayanga, Nkwenda na Murongo wamezoea watangazaji wanaopasua koo kwa kelele. Ila ukiwa na bando, hebu tafuta mapambano ya Uingereza ya miaka ya 1970. Utasikia sauti moja tu, tulivu, kama mzee anayesimulia jambo barazani. Huyo ni Kent Walton.

Tena jamaa hayuko mbali sana na Karagwe na Kyerwa. Mto Kagera, unaozitenganisha wilaya hizo na Rwanda, humwaga maji Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hutoka na Mto Nile mpaka Cairo. Ndiko alikozaliwa Agosti 22, 1917, akapewa jina Kenneth Walton Beckett.

Alisoma Uingereza, akasomea uigizaji, kisha akatumikia jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lafudhi yake iliwachanganya wengi, wakadhani ni Mkanada.

Miaka 33 kwenye maiki

Novemba 9, 1955, televisheni ya ITV ilianza kurusha mieleka, na Walton ndiye aliyetangaza. Baadaye ikawa kila Jumamosi saa 10 jioni, ndani ya kipindi cha World of Sport. Mamilioni walikaa sebuleni wakitazama huku wakisubiri matokeo ya soka.

Mieleka ile ilikwenda kwa raundi. Ili ushinde, ulitakiwa umwangushe mpinzani au umfanye asalimu amri mara mbili, au umzimishe kabisa. Ukicheza rafu, unaonywa hadharani. Onyo la tatu, unatolewa.

Walton aliyaeleza hayo taratibu. Alitaja jina la kabali, akasema inabana wapi, kisha akanyamaza ili ukumbi usikike. Ndivyo alivyofanya kazi hata kwenye matukio makubwa: Desemba 20, 1977, Kendo Nagasaki alipovuliwa kinyago Wolverhampton, na Juni 18, 1981, Big Daddy alipommaliza Giant Haystacks pale Wembley kwa chini ya dakika 3.

Je, yalipangwa?

Swali hilo lilimwandama miaka yote. Walton hakuitumia maiki kuwaanika wanamieleka. Alitangaza pambano kama pambano, mtazamaji akabaki kuamua mwenyewe. Matokeo yangeweza kupangwa, lakini wale jamaa walianguka na kuumia kweli, na mkate wao ulitegemea watu waendelee kuamini.

Naye alikuwa na siri yake. Miaka ya 1970, yeye na mwandishi Hazel Adair walitengeneza filamu za watu wazima, wakajificha nyuma ya jina moja: Elton Hawke.

Mwisho wake

World of Sport ilifungwa mwaka 1985. Mieleka ikaendelea kidogo, hadi ITV ilipoiondoa kabisa Desemba 1988. Bila televisheni, kumbi zikapoteza watu, na mieleka ya Marekani yenye mbwembwe ikatawala.

Walton alifariki Agosti 24, 2003, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 86. Video zake bado zipo mtandaoni. Anza na ile ya kinyago, na sikiliza pale anaponyamaza.