Lawrence na Wana wa Ngurumo

T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alirudi kwao na sifa asizozitaka. Waarabu waliahidiwa uhuru, wakapata watawala wapya, hilo lilimwuma. Mwaka 1922 akajificha katika jeshi la anga, askari mdogo mwenye jina la kubuni.

Faraja yake ilikuwa pikipiki. Alimiliki Brough Superior saba, moja baada ya nyingine, zilizoundwa Nottingham. Aliziita Boanerges, yaani wana wa ngurumo, na jina lilisadifu: zile za SS100 ziliuzwa kwa dhamana ya maili 100 kwa saa! Alipotoka Bara Hindi mwaka 1929 alikuta mpya, zawadi ya marafiki.

Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, aliwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akarushwa. Kichwa kilikuwa wazi. Alifariki siku ya sita, na umri wake miaka 46.

Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomwuguza, hakusahau. Uchunguzi wake wa mwaka 1941 ulilifanya jeshi la Uingereza kuwaamuru matarishi wake wavae kofia ngumu. Raia walingoja sheria hadi mwaka 1973.