Lester Patrick na Barafu ya Kisiwani

Mnamo tarehe 1 Juni 1960 alifariki dunia mjini Victoria, katika Kisiwa cha Vancouver magharibi mwa Kanada, mzee wa miaka 76 aitwaye Lester Patrick. Huku kwetu jina hilo ni geni. Huko Amerika ya Kaskazini hakuna apendaye mpira wa magongo wa barafuni asiyelijua. Sisi watu wa visiwani tuna sababu yetu ya kumkumbuka, nayo ni kwamba makubwa aliyoyatenda aliyaanzia kisiwani, kisha kisiwa hicho kikabaki mikono mitupu.

Alizaliwa Drummondville, katika jimbo la Quebec, mwezi wa Desemba 1883. Katika nchi hiyo mito huganda wakati wa baridi, na vijana huteleza juu yake kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombania kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Patrick alicheza nafasi ya ulinzi, lakini hakuwa mlinzi wa kukaa nyuma akingoja. Akikipata kisahani alikwenda nacho mwenyewe hadi langoni kwa adui. Akiwa na timu ya Wanderers ya Montreal alitwaa Kombe la Stanley mwaka 1906 na tena mwaka 1907. Mwaka 1910 klabu ya Renfrew ilimlipa dola 3,000 kwa msimu wa mechi 12 tu, fedha ambazo wakati ule mfanyakazi wa kawaida hakuziota.

Mwaka 1911 baba yake, Joseph, aliuza kampuni yake ya mbao, na familia ikaitia fedha hiyo katika jambo ambalo wengi wangeliita wazimu. Victoria ni mji wa pwani wenye hali ya hewa ya upole, ambako maji hayagandi kiasi cha kuchezewa. Hapana budi, basi, barafu itengenezwe. Kabla ya mwaka huo kwisha, Lester na mdogo wake Frank walikuwa wamekwisha kufungua kumbi mbili, moja Victoria na nyingine Vancouver, ng'ambo ya maji, zilizogandishwa kwa mitambo ambayo kwa asili yake haitofautiani sana na ile ya viwanda vya barafu ya wavuvi. Hizo zilikuwa za kwanza za aina yake nchini Kanada. Waliunda na ligi yao wenyewe, na Lester akawa mwenye timu, meneja, nahodha na mchezaji kwa pamoja.

Kwa kuwa ligi ilikuwa yao, sheria nazo zilikuwa mikononi mwao. Waliruhusu pasi ya kwenda mbele, wakachora mistari ya buluu kuugawa uwanja, wakaanza kuhesabu pasi zilizozaa mabao, na wakamruhusu golikipa kuanguka chini kuzuia kisahani, jambo ambalo kwingine lilikuwa kosa. Mambo mengi yanayoonekana leo kuwa ndio mchezo wenyewe yalitungwa na ndugu hao wawili, mbali na miji mikubwa.

Mwaka 1925 timu yake ya Victoria Cougars iliwashinda Canadiens wa Montreal na kombe likavuka bahari hadi kisiwani. Tangu hapo hakuna timu nje ya ligi kuu ya taifa iliyolitwaa tena. Lakini klabu za mashariki zilikuwa zikijenga kumbi kubwa katika miji ya Marekani, na mishahara ikapanda kupita uwezo wa mji mdogo. Mwaka 1926 wachezaji wa magharibi waliuzwa. Wale wa Victoria wakapelekwa Detroit. Mwandishi wa safu hii hauiti uamuzi huo usaliti, kwani hesabu zilikuwa wazi. Hata hivyo, waliokuwa wakijaza ukumbi ule kila msimu hawakuwa na kura katika mauzo hayo. Mwaka 1929 ukumbi wenyewe uliteketea kwa moto.

Patrick alikwenda New York kuifundisha timu mpya ya Rangers. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1928, katika fainali mjini Montreal, golikipa wake Lorne Chabot alipigwa jichoni na kisahani. Hakukuwa na golikipa wa akiba, na wapinzani walikataa asiazimwe golikipa wa klabu nyingine aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. Patrick, mtu wa miaka 44 mwenye mvi kichwani, alivaa vifaa vya majeruhi akasimama langoni. Aliruhusu bao moja tu. Rangers wakashinda 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, na hatimaye wakalichukua kombe. Alilipata tena mwaka 1933 akiwa kocha, na mwaka 1940 akiwa meneja, safari hii wanawe wawili, Lynn na Muzz, wote wazaliwa wa Victoria, wakiwa uwanjani.

Mwaka 1946 aliacha umeneja wa Rangers. Alirejea Victoria, akasimamia timu ya daraja la chini iliyochukua jina lile lile la Cougars. Alipofariki, Frank alikuwa angali hai Vancouver. Naye akafariki tarehe 29 ya mwezi ule ule.