BIBI MARY LEAKEY, MTAFUTAJI WA MAMBO YA KALE

Huku kwetu Mpanda, mtu akionekana ameinama akichokora udongo, watu husema anatafuta dhahabu. Bibi tutakayeeleza habari zake hapa alichokora udongo wa nchi hii kwa miaka mingi, wala hakuwa na haja ya dhahabu. Alitafuta mifupa na mawe. Tumemchagua kwa kuwa wasichana wetu wengi wakisikia neno sayansi hufikiri chupa na madawa ya maabara tu, na wengine wamekwisha kata tamaa kwa sababu ya alama za mtihani mmoja.

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Februari 1913, akaitwa Mary Nicol. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha, na mara kwa mara alichukua jamaa yake kwenda kukaa Ufaransa. Huko mtoto alionyeshwa mapango yenye michoro ya watu wa kale, akaipenda mno. Alipokuwa na miaka 13 baba akafariki. Mama akamtia katika shule za watawa, lakini hakutulia. Alifukuzwa mara mbili, na kosa moja lilikuwa kufanya mlipuko katika chumba cha kemia. (Jambo hilo wanafunzi wasiliige.) Hakupata cheti hata kimoja, basi mlango wa Chuo Kikuu cha Oxford ukawa umefungwa kwake.

Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora. Alisikiliza mafundisho ya wataalamu mjini London pasipo kufanya mtihani, akajizoeza kuchora zana za mawe hata kila pigo la fundi wa kale likaonekana. Bibi Gertrude Caton-Thompson, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, akampa kazi ya kuchora zana zake, kisha akamjulisha kwa Dr. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya. Mwaka 1935 Mary alifika Korongo la Olduvai kwa mara ya kwanza, na mwaka 1936 akaolewa na Dr. Leakey.

Kazi ya Olduvai haikuwa ya sururu. Mchimbaji hupiga magoti juani, akiondoa udongo kwa brashi na sindano ya daktari wa meno, na kila kipande huandikwa mahali pake katika ramani kabla ya kuinuliwa, kwani jiwe lililong'olewa bila kuandikwa hubaki jiwe tu. Katika hili Bibi Leakey hakuwa na mzaha. Pamoja naye walifanya kazi wachimbaji Waafrika, wengi wao Wakamba, wenye macho makali ya ajabu; kwa maoni yetu majina yao yametajwa kwa uchache kuliko haki. Mwaka 1951 aliacha korongo kwa muda akaenda Kondoa, akanakili michoro ya miambani kwa mamia.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 17 Julai 1959. Mumewe alikuwa na homa, amelala kambini. Bibi akatoka na mbwa wake wawili, akaona mfupa umejitokeza ardhini, na karibu yake meno mawili makubwa. Akarudi mbio kumwita mumewe. Vipande vilivyopatikana vilikuwa kama 400, naye akaviunga kimoja kimoja hata fuvu likasimama. Likaitwa Zinjanthropus. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano yaliyolifunika wakaona ni ya miaka kama 1,750,000. Siku hizi huhesabiwa kuwa wa ukoo wa pembeni, si babu yetu hasa. Lakini watu waliodhani kwamba mwanzo wa binadamu ni Asia walianza kuigeukia Afrika. Sifa nyingi zilimwendea Dr. Leakey, aliyekuwa msemaji hodari. Bibi alirudi shimoni.

Dr. Leakey alifariki mwaka 1972. Wako waliodhani kuwa mambo yamekwisha, kumbe la ajabu zaidi lilikuwa mbele. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, mwaka 1976 wageni wa kambi walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja akajitupa chini kukwepa, akaona nyayo za wanyama katika jiwe. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe wenye kutembea kwa miguu miwili, mstari wa mita 27 hivi. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua kidogo ikanyesha, wakapita juu yake, na majivu yakakauka kama saruji. Yapata miaka milioni 3.6 imepita tangu siku hiyo. Basi ikajulikana kwamba viumbe hao walitembea wima zamani sana kabla ya zana za mawe tulizozijua.

Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Oxford, kile kile, kilimpa udaktari wa heshima. Miaka miwili baadaye aliacha kazi ya porini akakaa Nairobi, akafariki huko tarehe 9 Desemba 1996. Laetoli haikunyamaza: watafiti wa Tanzania walifukua nyayo za watu wawili wengine, na habari zake zikatangazwa mwaka 2016. Lile fuvu la 1959 limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.