Kuambizana kuko, kusikilizana hapana: Kurt Lewin na kibanda cha chai cha Kambu

Basi letu lilisimama Kambu bila kupanga. Tulitoka Mombasa asubuhi kuelekea Nairobi, na tangu Mtito Andei dereva alikuwa akiyapita malori mawili matatu kwa mpigo, mlimani, konani, popote. Mama aliyeketi kando yangu alimkumbatia mtoto wake na kufumba macho. Mimi nilikuwa nikisoma dua kimoyomoyo. Tulipokaribia Kambu trela likatokea mbele yetu, dereva akakata usukani, gurudumu moja likapasuka, tukajikuta nje ya lami katikati ya vumbi na miiba. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Tulitembea hadi kibanda cha chai kungoja gurudumu libadilishwe. Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Kumbe kila mtu alikuwa na hofu tangu Mtito. Kila mtu alitamani kumwambia dereva apunguze mwendo, na kila mtu alinyamaza akidhani wenzake wametulia na yeye peke yake ndiye mwoga. Abiria zaidi ya arubaini, asitoke hata mmoja wa kusema neno. Nami nilikuwa miongoni mwao, mimi ambaye katika safu hii hii nimeandika zaidi ya mara moja kuhusu ajali za barabarani na wajibu wa abiria kusema.

Aibu hiyo ndiyo iliyonikumbusha mtu niliyemsoma zamani nikifanya diploma ya maendeleo ya jamii. Jina lake Kurt Lewin. Wanaosomea saikolojia duniani kote wanamjua. Sisi wengine hatumjui, ingawa alitumia umri wake kuuliza swali letu la Kambu: kwa nini mtu anajua la kufanya, anakubali kwamba ni jema, na bado halifanyi?

Lewin alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 katika kijiji cha Mogilno, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Prussia na leo kiko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Babake alikuwa na duka na shamba dogo. Mwaka 1905 walihamia Berlin ili watoto wapate elimu. Kijana alianza na udaktari, akajaribu biolojia, kisha akatulia kwenye falsafa na saikolojia.

Vita vya 1914 vilimkatiza. Alijiunga na jeshi kama askari wa kawaida katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, na ndugu yake mmoja akafa vitani. Mwaka 1917 aliandika makala kuhusu namna askari anavyoiona ardhi. Shamba lile lile ambalo mkulima anaona mazao, askari anaona mahali pa kujificha au mahali pa kufia. Hapo ndipo fikra yake kubwa ilipoanza kuonekana: ukitaka kujua kwa nini mtu ametenda alivyotenda, usimtazame yeye peke yake. Tazama pia mahali alipo, tena kwa macho yake yeye.

Baada ya vita alifundisha Berlin, na wanafunzi walimpenda kwa sababu darasa lake lilihamia mkahawani. Husimuliwa kwamba siku moja waligundua mhudumu wa mkahawa anakumbuka kwa kichwa kila alichoagiza kila mtu, lakini bili ikishalipwa anasahau yote. Mwanafunzi wake, Bluma Zeigarnik, alilipeleka jambo hilo maabara, na mwaka 1927 akachapisha utafiti ulioonyesha kwamba kazi iliyokatizwa hukaa akilini kuliko iliyokwisha. Yeyote aliyewahi kulala na deni analijua hilo. Lakini Lewin alikuwa na tabia ya kutoliacha jambo kama hilo libaki kuwa soga la mezani. Alilipima.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Lewin akaiona hatari mapema. Alihamia Marekani na mkewe na watoto, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell kwa miaka miwili, kisha mwaka 1935 akaenda Iowa. Mamake alibaki nyuma. Alihangaika kumtoa, hakufaulu, na bibi yule aliuawa katika kambi ya Wanazi. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuichukulia elimu ya tabia za watu kama mchezo wa wasomi.

Kule Iowa, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliunda vikundi vya wavulana wa umri wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kundi moja kiongozi aliamuru kila kitu. Jingine alijadiliana nao. La tatu aliwaachia wafanye watakavyo. Wale wa kuamriwa walifanya kazi kwa bidii kiongozi akiwepo. Akitoka chumbani tu, kazi ililala. Wale waliojadiliana waliendelea hata kiongozi alipotoka. Sisi tuliosoma chuoni kwa bakora hatuhitaji kuelezwa. Maalim akitoka nje kutia udhu, darasa lilikuwa soko.

Jaribio lake ambalo sitalisahau lilihusu nyama. Wakati wa vita vya pili nyama nzuri ilipelekwa kwa wanajeshi, na serikali ya Marekani ikataka raia wale moyo, figo na tezi za ng'ombe. Najua msomaji wa pwani anacheka. Huku kwetu figo na maini vina wateja wake, na supu ya matumbo watu huiamkia alfajiri. Lakini akina mama wengi wa Kimarekani waliona kinyaa. Kamati ya utafiti wa vyakula, ambayo katibu wake alikuwa mwanaanthropolojia Margaret Mead, ikamwendea Lewin.

Kwanza aliuliza ni nani anayeamua chakula gani kifike mezani. Jibu lilikuwa mama wa nyumba. Huyo ndiye bawabu wa mlango, na kama hajakubali yeye, kumhubiria mumewe ni kupoteza pumzi. Kisha akachukua vikundi sita vya akina mama. Vitatu vilipewa mhadhara mzuri wa dakika 45 kuhusu lishe, uchumi na uzalendo, pamoja na maelekezo ya mapishi. Vitatu vingine, kwa muda ule ule, vilizungumza wenyewe kwa wenyewe: nini kinawazuia, harufu au mume atakayenuna, na wafanyeje. Mwisho waliombwa wainue mikono, nani atajaribu wiki hii. Watafiti walipofuatilia baadaye, katika wale wa mhadhara asilimia 3 ndio waliopika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Katika wale walioamua pamoja, asilimia 32.

Wakosoaji walisema haikuwa haki, maana waliojadiliana walijua wataulizwa na wale wengine hawakujua. Ni kosa la kweli. Ndiyo maana mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alilivunja jaribio vipande vipande ili aone ni kipi hasa kinachofanya kazi. Alikuta kwamba mazungumzo peke yake hayana nguvu sana. Yenye nguvu ni mambo mawili: mtu kufikia uamuzi, na kuona kwamba wengi katika kundi wameamua vivyo hivyo.

Lewin mwenyewe aliieleza tabia kama mlango unaosukumwa pande zote mbili. Upande mmoja kuna yanayokusukuma kutenda, upande wa pili yanayokuzuia. Sisi tukitaka watu wabadilike huongeza kusukuma: mawaidha zaidi, vitisho zaidi, mabango zaidi. Yeye aliona kwamba ukisukuma zaidi bila kugusa kizuizi, mlango haufunguki na watu wanabaki na hasira. Afadhali uulize ni nini kilichoegemezwa nyuma ya mlango, ukiondoe.

Aliyapeleka hayo hata katika kiwanda cha nguo za kulalia kule Marion, Virginia, ambako wafanyakazi walioachiwa kujiwekea lengo lao kwa pamoja walizalisha zaidi. Akaanzisha kituo cha kutafiti vikundi katika chuo cha MIT, akaandika namna ya kufanya utafiti unaoanzia kwenye shida ya watu na kurudi kwao ukiwa na dawa. Alijichosha mno. Usiku wa tarehe 12 Februari 1947 moyo ulisimama nyumbani kwake Newtonville, Massachusetts. Alikuwa na miaka 56. Mwaka huo huo Mombasa ilimpoteza Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyezaliwa 1891. Watu wawili wa rika moja, wasiojuana, kila mmoja akisumbuliwa kwa njia yake na swali la namna jamii inavyobadilika.

Na barabara yetu je? Hapa Kenya, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu. Hazikumhubiria dereva. Zilimwambia abiria aseme, apaze sauti. Katika jaribio la kwanza, lililoanza 2008, madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kwa nusu au zaidi. Lilipofuata jaribio kubwa zaidi, la magari zaidi ya 12,000, chini ya jina la Zusha, madai yalipungua kwa kati ya asilimia 25 na 33, na stika zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizowataka abiria waseme pamoja. Karatasi ndogo kama kiganja, isiyoongeza sheria wala askari. Iliondoa kizuizi kimoja tu: ile dhana ya kila abiria kwamba yuko peke yake.

Basi nirudi kibandani. Mama muuza chai, Mkamba wa makamo, alitusikiliza tukilalamika mpaka akachoka. Akatuuliza, gari likitengenezwa, mkipanda tena mtafanya nini? Tukatazamana. Mzee mmoja wa Kwale, mwenye kofia ya vito, akasema yeye atasema, ila asiachwe peke yake, na anayemuunga mkono ainue mkono. Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja. Naona haya kuandika kwamba wangu ulikuwa miongoni mwa ya mwisho.

Mzee alimwendea dereva kwa adabu, akamwita mwanangu, akamwambia kwamba abiria wote wameomba mwendo wa kufika. Dereva alinuna. Alienda taratibu kupita Kibwezi, lakini tulipokaribia Emali mguu ukamrudi, akaanza kulitafuta lori la mbele. Safari hii mama wa mtoto ndiye aliyeanza. Mzee akafuata, na mimi nikawa wa tatu. Baada yangu sikuhesabu tena. Dereva alirudi nyuma ya lori, na tukaingia Nairobi wakati Isha imekwisha adhiniwa, tumechelewa na tuko wazima.

Wahenga walisema kuambizana kuko, kusikilizana hapana, na mimi mwandishi wa safu nimeishi kwa kuambiza. Huenda nimo katika ile asilimia 3. Kwa hiyo leo sikupi nasaha. Nakuomba jambo dogo. Katika kikao chako kijacho, cha chama, cha maskani au cha wazazi wa madrasa, chukua jambo moja mnalolijua nyote na hamlifanyi. Msihutubiane. Ulizaneni kinachowazuia, amueni hatua moja ya wiki hii, na muinue mikono mkionana. Kisha wiki inayofuata muulizane.

Nami nitaulizwa pia. Nimeshawaahidi watu wa basi lile.