Daktari Ribeiro, tauni ya Nairobi na kazi ya Bwana Afya

Sisi Wapwani tuliohamia bara kutafuta riziki, na hapa Kitengela tumekuwa wengi, twamjua Bwana Afya kwa siku mbili tu. Siku anapokuja kumuuliza muuza mahamri cheti chake cha afya, na siku kipindupindu kinapoingia. Siku zilizobaki hatumuulizi wala hatumkumbuki. Oktoba 2022 kipindupindu kilipozuka nchini, Kajiado ilikuwa katika kaunti za mwanzo kupata wagonjwa, na ghafla kila mtu akataka kujua maji ya boza yateka wapi na gari la kunyonya choo lamwaga wapi. Maswali hayo yalikuwa ya kuulizwa mwaka mzima.

Leo namleta kwenu mtu ambaye hakuwa Bwana Afya na wala hakuajiriwa na serikali. Lakini alifanya kazi moja ya afya ya umma, moja tu, na ikamgharimu mahali pake pa kazi. Huyu ni Dakta Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa, daktari wa kwanza kufungua tiba ya binafsi katika mji wa Nairobi.

Goa kwetu si ugeni. Ni ng'ambo ya bahari ile ile, kwenye njia ya majahazi na baadaye ya meli za moshi. Wagoa walikuwa Unguja na Mombasa wakiwa makarani, washona nguo, wapishi na wapiga muziki kabla Nairobi haijawa na jina kwenye ramani. Wakati huo Goa ilikuwa chini ya Wareno, kwa hiyo Ribeiro alifika Afrika Mashariki akiwa raia wa Ureno katika nchi iliyoshikwa na Waingereza. Alipanda Nairobi mwaka 1900, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika.

Nairobi yenyewe ilikuwa nini? Wamaasai walipaita mahali pa maji baridi, na walipatumia kunywesha ng'ombe, si kujenga. Wahandisi wa reli walipapenda kwa sababu palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya njia kuanza kupanda milima. Lakini tambarare ile ilikuwa na kinamasi na udongo mweusi unaoshika maji, udongo ule ule tunaoukanyaga Kitengela mvua ikinyesha, viatu vikawa vizito kama mawe. Mji ulianza kwa mahema na mabati. Mfereji wa majitaka hakuna, mahali pa kutupa taka hakuna. Serikali na reli wakajiwekea viwanja vizuri mlimani, na wafanyabiashara wa Kihindi wakabanwa pamoja bondeni, penye soko lililoitwa Bazaar. Nyumba moja ilikuwa duka mbele, ghala la nafaka nyuma, na watu wakilala humo humo. Penye nafaka pana panya.

Humo ndani ya Bazaar ndimo Ribeiro alipoanza kazi, kwanza kwenye hema. Na kwa kuwa mji ulitawanyika na njia zilikuwa matope, alifuga punda milia akamzoeza kupandwa, akawa akizunguka naye kuwaona wagonjwa. Picha yake ipo hadi leo: bwana mwenye ndevu na kofia pana, ametulia juu ya mnyama ambaye kila mtu asema hafugiki. Wengi wanaomjua Ribeiro wamjua kwa picha hiyo tu. Mnyama mwenyewe mwishowe aliuzwa kwa bustani ya wanyama ya Bombay. Mimi naona punda milia amemfunika bwana wake.

Kwa sababu jambo kubwa alilofanya ni la mwaka 1902. Waliletwa kwake wagonjwa wenye homa kali na uvimbe, naye akatambua kuwa ile ni tauni. Haikuwa ajabu sana. Tauni ilikuwa imetoka China, ikaingia Hong Kong mwaka 1894 na Bombay mwaka 1896, na meli za Bombay zilikuwa zikitia nanga Mombasa kila mara. Daktari aliyetoka upande ule alijua dalili zake. La kuangalia ni alilofanya baada ya kutambua. Akaenda kumwarifu mkuu wa afya wa serikali.

Hebu tulipime jambo hili. Ribeiro alikuwa akiishi kwa pesa za Bazaar. Wagonjwa wake ni wenye maduka, majirani zake ni wao. Neno tauni likitamkwa, biashara hufungwa, watu hutengwa, na anayelitamka huchukiwa. Angeweza kunyamaza, akaandika kuwa ni homa ya kawaida, na hakuna ambaye angemshika. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi ya mji yakifichwa, anayeumbuka si mfichaji peke yake. Na sisi Waislamu jambo hili si geni: mafundisho ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ni kwamba tauni ikiwa katika nchi usiingie, na ukiwa ndani yake usitoke kuikimbia, na Sayyidna Umar aligeuza msafara wake njiani alipopata habari kuwa Sham kuna tauni. Lakini hakuna atakayejizuia kuingia wala kutoka ikiwa habari haikutolewa. Kwanza habari.

Serikali ilipopata habari ikashikwa na kiwewe. Mkuu wa afya akaamuru Bazaar ichomwe moto. Ikachomwa. Na katika vilivyoteketea ni mahali pa kazi pa Dakta Ribeiro mwenyewe.

Tusidhani hayo yalikuwa ya Nairobi peke yake. Huko Honolulu, Januari 1900, maafisa walichoma nyumba kwa ajili ya tauni, upepo ukavuma, na mtaa wote wa Wachina ukaangamia. Na si kwamba elimu haikuwepo. Yersin alikwisha kuiona bakteria ya tauni mwaka 1894, na Simond mwaka 1898 alieleza kuwa kiroboto cha panya ndicho kinachoihamisha. Ukichoma nyumba, panya wengine hufa, wengine hukimbilia kwa jirani na viroboto vyao. Tauni ilirudi Nairobi tena na tena katika miaka iliyofuata. Moto ulikuwa rahisi kwa sababu waliochomewa hawakuwa na sauti. Mtaa wa mabwana mlimani haukuguswa.

Mambo hayakuishia kwenye moto. Mwaka 1913 aliletwa kutoka Uingereza Profesa Simpson kukagua usafi wa miji, na katika ripoti yake, pamoja na mengi ya maana kuhusu mifereji na taka, alipendekeza watu watengwe mitaa kwa rangi zao. Ugonjwa ukawa kisingizio cha siasa. Ubaguzi huo wa makazi haukuachwa rasmi kama sera hadi mwaka 1923, ingawa sote twajua ulivyoendelea kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana hadi leo mtu wa kawaida akisikia usafi wa mji, moyo humdunda. Ajua ni kibanda chake kitakachotajwa kwanza.

Sheria ya afya ya umma tunayoitumia Kenya ina mizizi katika ile ya mwaka 1921, na ndani yake mna wajibu ule ule alioutimiza Ribeiro bila kulazimishwa: mganga akiona ugonjwa wa kuambukiza, atoe taarifa. Lakini taarifa ni jambo la mwisho. Kabla yake pana kazi zisizo na sifa. Taka zizolewe kabla panya hawajaoa na kuozesha. Vyoo vikaguliwe. Maji ya visima na maboza yapimwe. Mwenye hoteli na mwenye jiko la kando ya barabara wapimwe afya. Mzoga barabarani uondolewe, makaburi yapangwe mbali na visima. Katiba ya 2010 iliziweka nyingi za kazi hizi mikononi mwa kaunti, na Kajiado si kaunti ndogo tena. Kitengela peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 150,000 mwaka 2019, mji ambao juzi juzi tu ulikuwa njia panda ya malori ya kwenda Namanga. Mfereji wa majitaka haujawafikia wengi, kila ploti ina shimo lake, na ploti ya pili ina kisima. Huhitaji diploma kujua hatari iko wapi.

Lawama zangu si kwa Bwana Afya. Yeye hupewa mji mzima na pikipiki moja, tena mafuta akajitafutie. Lawama zangu ni kwa desturi ya kulala miezi kumi na moja, kisha mwezi wa kumi na mbili kuja na kanjo na tingatinga kuvunja vibanda vya kina mama na kuita hiyo ndiyo afya. Huo ni moto wa 1902 umebadilishwa sura. Mama wa mboga aliyevunjiwa leo, kesho akiona mtoto wa jirani aendesha na kutapika, atamwarifu nani? Atanyamaza. Ataogopa wasije tena.

Ribeiro hakunyamaza baada ya kuchomewa, na hilo ndilo linalonishangaza zaidi. Hakurudi Goa. Serikali, kwa kutambua ile taarifa yake, ilimpa ardhi karibu na stesheni ya reli, naye akaanza upya. Akatengeneza tembe yake ya malaria, ambayo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya dawa ya nje. Akawa naibu balozi wa Ureno mjini Nairobi kuanzia 1914 kwa miaka kadhaa. Bazaar nayo ikajengwa upya, na mtaa wake ndio twauita leo Biashara Street, tunakoshuka kununua vitambaa na leso tukikosa nafasi ya kwenda Mombasa.

Mali aliyoipata, sehemu kubwa aliitoa kwa elimu. Watoto wa Kigoa wakajengewa shule Parklands, ikapewa jina lake. Alifariki mwaka 1951, akiwa ameuona mji ukitoka kwenye mahema hadi kuwa manispaa, na mwaka mmoja kabla hajafa, kutangazwa jiji.