Marehemu Martin Kayamba na Chama cha Makarani wa Tanga

Muhula uliopita mchezo wa mpira baina ya mabweni mawili uliishia kwa ngumi, na kombe likafungiwa kabatini bila ya mshindi. Kwa ajili hiyo nimeona vema kuwaletea habari za bwana mmoja ambaye zamani alikutana na ushindani wa namna hii hapa Tanga.

Martin Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja. Asili ya watu wake ni Bondei. Baba yake alipata kusomeshwa Uingereza, akawa mwalimu wa misheni ya UMCA. Martin naye alisoma Kiungani, shule iliyokuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pwani yetu kuchezwa kandanda. Wavulana wa makabila mengi walikaa pale pamoja.

Alipomaliza masomo alifanya kazi ya ukarani Kenya na Uganda. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta katika nchi hii, nayo ilikuwa chini ya Wadachi. Wadachi walimshuku kuwa upande wa Waingereza, wakamtia kifungoni. Alipata uhuru wake Tabora mwaka 1916, Wabelgiji walipouteka mji ule. Baadaye aliingia ofisi ya serikali Tanga, akapanda daraja hata akawa karani mkuu.

Wakati ule wasomi wa Tanga walikuwa makundi mawili. Wengine walitoka katika shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wadachi, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wengine walitoka Kiungani na Magila, nao walikuwa Wakristo. Kila kundi lilijivuna kwa shule yake. Kayamba aliona kwamba watu wanaokaa ofisi moja bila ya kuaminiana hawawezi kudai haki yao.

Basi mwaka 1922 yeye na wenziwe walianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, wala hawakuuliza dini ya mtu wala kabila lake. Chama kilikuwa na mahali pa kusomea magazeti, masomo ya jioni, na timu ya mpira. Aliyesoma Kiungani na aliyesoma shule ya Tanga wakavaa jezi moja. Na katika chama hicho hicho makarani walipeleka serikalini malalamiko yao juu ya mishahara.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Waafrika wawili wengine wa Tanganyika, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, shauri ambalo hawakulitaka. Habari za safari hiyo aliziandika katika kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1932. Alifariki mwaka 1939.

Shule zile mbili hazikusahauliwa na vijana wake, lakini siku ya mechi walipeana pasi. Nami naomba viongozi wetu wa michezo wafanye jambo moja muhula huu: kabla kombe halijatolewa kabatini, wateue timu moja kutoka mabweni yote mawili, ikacheze na shule ya jirani. Waliopigana wawekwe wote katika safu ya mbele.